Mbwa Aliyetangulia Ng'ombe

Goti la mume wangu ndilo lililotupeleka Kawangware kutafuta mbwa. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na tulikuwa na ng'ombe watatu Sarang'ombe, ndani ya Kibera. Nikiwaambia watu leo hudhani nawatania. Ng'ombe, Kibera? Ndiyo, ng'ombe, Kibera. Zizi lilishikana na chumba chetu, bati kwa bati, na yule mwekundu akijikuna ubavu vikombe vyangu vilicheza kwenye rafu. Mwekundu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wa pili alikuwa wa madoadoa, maziwa mengi, akili kidogo. Wa tatu alikuwa mtamba mweusi, binti ya mwekundu, hajazaa bado, na mume wangu alimwangalia kama watu wengine wanavyomwangalia mtoto aliyeitwa shule ya bweni.

Mume wangu alikuwa fundi wa mawe. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, goti likageuka, na tangu siku hiyo hakuna msimamizi aliyemtaka tena. Ng'ombe ndio waliomfanya abaki mtu wa kuamka na kwenda mahali. Asubuhi nilikamua, nikabeba maziwa kwenda Makina, naye akawaswaga kuvuka reli hadi kwenye nyasi zilizokuwa zimebaki kando ya msitu. Jioni akawarudisha. Ukisikia hivyo ni jambo dogo. Lakini ng'ombe watatu katika vichochoro vyetu walikuwa kama maji yaliyomwagika: mmoja ameingia kwenye sukuma za mama mboga, mwingine anatafuna shati la mtu kwenye kamba, na wa tatu amegeuka kurudi nyumbani kana kwamba amesahau kitu. Wa kuwakimbilia wote ni mtu mmoja mwenye goti moja. Ng'ombe haelemewi na nunduye, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumwona mume wangu akirudi jioni. Alikuwa akiketi kitandani na viatu vyake mpaka nimvue mimi.

Na mimi nilikuwa nimechoka. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani hii ni hadithi ya mume mchovu na mke mwenye nguvu. Nilikuwa nikilala nimechoka na kuamka nimechoka, na kati ya hapo niliota nakamua.

Jioni moja, kabla sijamaliza kufungua kamba za viatu vyake, akasema, "Mama watoto, tutafute mbwa."

"Mbwa wa nini? Hata sisi hatujashiba."

"Wa ng'ombe."

Nikajua tumefika Kitale. Mume wangu alizaliwa kwenye shamba la mzungu huko Kitale, baba yake akiwa mkamuaji, na kwenye shamba hilo palikuwa na mbwa mweusi mwenye shingo nyeupe ambaye nilimsikia tangu tuoane. Kila mwaka mbwa huyo aliongezeka akili. Alifanya kazi ya wanaume watano. Hakubweka, hakuuma. Aliinama tu mpaka tumbo likagusa majani, akamkazia ng'ombe jicho, na ng'ombe akageuka mwenyewe kwenda anakotakiwa. Mume wangu akiwa mtoto alikuwa amemwona nyapara akichagua watoto wa mbwa huyo. Nyapara aliweka kuku mbele yao. Anayemrukia kuku, hapana. Anayekimbia, hapana. Anayelala chini na kukodoa macho asipepese, huyo ndiye wa ng'ombe.

"Huyo mbwa alikuwa wa mzungu," nikamwambia. "Hapa tuna mbwa koko."

"Mbwa ni mbwa. Jicho ndilo tunatafuta."

Sikubishana. Goti lilikuwa limevimba likajaa suruali, na nilijua anachokiogopa, ingawa hakuwahi kukitaja. Asipoweza kuwaswaga ng'ombe, tutawauza. Tukiwauza atakuwa mtu wa kukaa mlangoni akihesabu wapita njia, kama wazee wengine wawili wa ploti yetu, na hao hawakudumu sana.

Mtu aliyetuletea pumba za ng'ombe ndiye aliyetuambia kwamba kuna mfuga nguruwe Kawangware, karibu na mpaka wa Riruta, ambaye mbwa wake amezaa. Tukaenda Jumapili mchana baada ya kanisa. Mume wangu alibeba kuku kwapani, amefungwa miguu kwa kitambaa. Kwao mtoto wa mbwa hanunuliwi kwa pesa. Ukimnunua kwa pesa, wanasema, atakaa kwako kama mpangaji na siku moja atahama. Unatoa kuku, na mambo yameisha. Kwetu ziwani hatuna hiyo, lakini kuku alikuwa ametoka kwa mama mkwe, sikuwa na la kusema.

Mfuga nguruwe alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya sufu, mchangamfu, na boma lake lilinuka mpaka barabarani. Nguruwe, bata, kuku na vifaranga, wote walikuwa wakila pamoja kwenye matope. Watoto wa mbwa walikuwa watano, wa rangi ya vumbi, matumbo yamejaa minyoo.

"Hawa ni wakali mbaya sana," akasema. "Mama yao alishika mwizi hapo kwa kona, wakamtoa na maji moto ndio amwachilie."

"Sitaki mkali," mume wangu akasema.

Yule mzee akanitazama mimi, kana kwamba nitamfafanulia. "Sasa mtu anatafuta mbwa hataki mkali? Si uchukue paka, rafiki yangu?"

Mume wangu aliinama kwa taabu, akaketi kwenye jiwe na kunyoosha mguu, akafungua miguu ya kuku, akamfunga uzi kwenye mguu mmoja na kushika ncha ya uzi. Halafu akamweka chini katikati ya watoto wa mbwa. Nilitamani kucheka, lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu anayepokea sakramenti.

Mkubwa wao alimrukia kuku moja kwa moja, akang'oa manyoya mawili. Mzee wa nguruwe akapiga makofi. Huyo ndiye niliyemtaka mimi, kwa sababu wezi walikuwa wamebeba ndoo zangu mbili mwezi huo. Wa pili alibweka akirudi nyuma. Wa tatu alilala zake usingizi. Wa nne alienda kumnusa bata. Wa mwisho, jike dogo lenye masikio yasiyolingana, alijibandika chini. Tumbo kwenye udongo, shingo imenyooka, macho kwa kuku. Kuku akienda kushoto, macho kushoto. Kuku akienda kulia, macho kulia. Hakupepesa.

Mume wangu alinishika mkono. Hakuwa amenishika hivyo kwa muda mrefu.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Umeliona hilo jicho?"

Mimi niliona mbwa mdogo anayetetemeka. Lakini mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu, nikasema nimeliona.

"Huyo?" mzee wa nguruwe akauliza, na akacheka mpaka kofia ikasogea. "Huyo chukua. Chukua kabisa." Alipokea kuku haraka kuliko mtu anayeachana na kitu cha thamani, na hilo pia nililiona. Tukamtia mbwa kwenye gunia, uso umefunikwa ili asijue njia ya kurudi kwao, na mume wangu akambeba mwenyewe mpaka Kibera bila kulalamikia goti hata mara moja.

Ukweli tuliupata kesho yake. Kuku wa jirani alipita mlangoni akidonoa donoa mambo yake, na yule mbwa wa jicho akaruka ndani ya chumba, akaingia chini ya kitanda, akakojoa kwenye viatu vyangu vya kanisani. Nikamvuta mguu nikamtoa. Nikamgeuza uso kwenye mwanga. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na kovu dogo lisilo na manyoya, kama punje ya mchele, na jingine puani. Pale kwa mzee wa nguruwe kuku walikuwa wengi na wana vifaranga, na mtoto wa mbwa akisogea karibu alidonolewa. Alikuwa amejifunza jambo moja tu katika maisha yake mafupi: ukimwona kuku, lala chini, usitikisike, na usimwondolee macho.

"Hili ndilo jicho lako la Kitale," nikamwambia mume wangu. "Huyu anaogopa kuku."

Aliligusa lile kovu kwa kidole. "Aliumia akiwa kazini," akasema.

Nilicheka siku hiyo mpaka nikalazimika kuketi, na yeye akacheka pia, kicheko cha kuficha aibu. Kumrudisha haikuwezekana. Kuku alikuwa ameshaliwa huko, bila shaka.

Siku chache baadaye nilipopeleka maziwa Makina, mwenye ploti yetu alikuwa ananingoja mlangoni. Alikuwa mama mzee wa Kinubi, mteja wangu wa kwanza kila asubuhi, na aliniita mama maziwa. Watu wengi wa Makina walinunua kwangu kwa sababu yeye alinunua.

"Mama maziwa, nasikia mbwa ameingia kwa boma."

"Ni wa ng'ombe, nyanya."

"Wa ng'ombe hana neno. Mbwa wa mifugo ameruhusiwa katika dini, hata wa kulinda." Akainua kidole. "Lakini akitia mdomo kwa chombo, hicho chombo unaosha mara saba, na moja ni ya udongo. Ama usiniletee maziwa. Mimi nakuamini, sitakuja kuangalia."

Angesema atakuja kuangalia ingekuwa nafuu. Kwa kuwa aliniamini, ilibidi niwe askari wa yule mbwa. Nilipiga misumari juu ukutani, nikatundika mtungi, kichujio na vikombe vya kupimia, na kila nilipokamua nilimfungia mbwa upande wa pili. Mara mbili aliponyoka akalamba ndoo. Mara mbili niliosha mara saba, na moja ya udongo niliochota kando ya reli, mikono ikichubuka, nikimlaani mbwa, mzungu wa Kitale na nyapara wake. Maziwa ya siku hizo yaliyokuwa kwenye ndoo tuliyanywa sisi wenyewe, sikuyapeleka Makina.

Mume wangu naye alikuwa na sheria zake. Mbwa wa ng'ombe halali nyumbani, hulala na ng'ombe tangu siku ya kwanza. Mbwa wa ng'ombe hapewi makombo ya watu kabla ya kuonja maziwa ya ng'ombe atakaowachunga. Mbwa wa ng'ombe hapewi jina, huitwa kwa mluzi. Basi kila jioni nilimkamulia tone kwenye mkebe wake, yeye ambaye aliletwa kunipunguzia kazi. Katika baridi ya Julai nilimkuta amelala kati ya miguu ya mtamba mweusi, na mtamba anamlamba kichwa kwa ulimi ule wa msasa mpaka masikio yanapinda. Hakuwaogopa ng'ombe hata kidogo. Nafikiri hakujua kwamba yeye si mmoja wao.

Mbwa alipokomaa, mume wangu akaanza kumfundisha. Mluzi mfupi, nenda nyuma. Mluzi mrefu, zunguka. Kila asubuhi nilisikia miluzi ikienda juu na chini kichochoroni, na kila asubuhi ilikuwa kazi bure. Mbwa yule hakukaa nyuma ya ng'ombe hata dakika moja. Zizi likifunguliwa alitoka wa kwanza, akatangulia mbele, mkia juu, akienda kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Mume wangu alimrushia madongoa ili arudi nyuma. Alimfunga kamba akamburuta. Alimshika kichwa akamgeuza kwa mikono. Mbwa alimlamba mkono kisha akaenda mbele.

Vijana waliokaa kwenye kioski cha njiani hawakumwachia nafasi ya kupumua.

"Niaje mzee! Sasa hiyo dogi yako ni dereva ama ni makanga wa matatu?"

"Ni shareholder!" mwingine akajibu. "Yeye ndiye ako na hao ng'ombe. Mzee ni wa kuandikwa."

Jioni moja mume wangu alirudi na hasira. Hakuwa ameudhika kwa matusi ya vijana. Kilichomkera ni kwamba alikuwa ametembea mpaka msituni na kurudi bila kukimbia. Hakuwa ameligundua mpaka alipofika mlangoni. Mbwa alitangulia, mwekundu akamfuata mbwa, mtamba akamfuata mama yake, na wa madoadoa, kwa sababu hakuwa na wazo jingine, akafuata mkia uliokuwa mbele yake. Hakuna aliyeingia kwenye sukuma. Penye magari mbwa alisimama na ng'ombe wakasimama.

"Lakini si hivyo inavyofanywa," mume wangu akasema. "Mbwa huwa nyuma."

"Baba," nikamwambia, "mguu wako umevimba leo?"

Akautazama. Haukuwa umevimba. Mchagua jembe si mkulima, nikamwambia, yeye aliyekuwa ametembea mpaka Kawangware na kuku ili kuchagua jembe. Tangu siku hiyo aliacha kupiga miluzi ya Kitale. Alibakisha miwili tu, wa kuondoka na wa kurudi.

Hiyo ndiyo miaka niliyolala vizuri kidogo. Mume wangu alinenepa. Mtamba alizaa dume, tukamuuza ndama huyo, tukabadilisha mabati. Wateja wa Makina waliongezeka. Jioni nilikuwa nasikia kwato, halafu mbwa anaingia mbele peke yake na kunitazama, halafu mwekundu, mweusi, madoadoa, na mwisho kabisa mume wangu na fimbo yake, anatembea polepole kama mtu aliyekuwa matembezini. Nilimpenda sana wakati huo. Sikumwambia, kwa sababu hatukuwa watu wa kuambiana, lakini nilimpenda.

Nyasi ndizo zilizotushinda. Hazikukauka tu, maana mvua ikikosa leo hunyesha mwakani. Zilijengwa. Ungeenda Jumatatu ukakuta nguzo nne za miti, Ijumaa mabati, mwezi ujao watoto wanalia ndani na nguo zimeanikwa. Sikuweza kuwalaumu. Walikuwa watu kama sisi, wametoka kwetu na kwao mume wangu, wanatafuta mahali pa kulala. Lakini ng'ombe walikuwa wakifika msituni wamechoka, na kilichobaki njiani kilikuwa karatasi za nailoni. Wa madoadoa alianza kukonda akiwa ameshiba, tumbo limejaa kama ngoma. Aliacha kucheua. Alipokufa, mchinjaji alimpasua tukaona: mpira mkubwa wa mifuko ya nailoni, umesokotana na kamba na kipande cha mkeka, ukubwa wa mtoto mchanga. Mume wangu aliuzika mpira ule mwenyewe, sijui kwa nini.

Kwa wale wawili waliobaki nikaanza kwenda Riruta kukata nepia, majani marefu ya kulishia ng'ombe, kwenye kingo za mashamba ya watu, kwa ruhusa yao, na kuibeba mgongoni kupitia Kawangware mpaka nyumbani. Ng'ombe wawili hawashibi kwa mgongo wa mwanamke mmoja. Nilikata, nikabeba, nikakamua, nikauza, na maziwa yalipungua mpaka mwenye ploti akaniambia kwa upole, "Mama maziwa, siku hizi unaniletea maji ya kuoga mtoto." Hayakuwa na maji hata tone. Yalikuwa ya ng'ombe mwenye njaa.

Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa nimetua mzigo wa nepia na sikuweza kunyooka. Nikabaki nimeinama pale, mikono magotini, nikasema nikiwa nimeinama vilevile, "Baba watoto, tuwauze."

Alikuwa ameketi kwenye ndoo, anamkuna mbwa masikio. Aliendelea kumkuna. Baadaye aliinuka, akaja akanikanda mgongo kwa viganja vyake vya fundi mpaka nikanyooka. Kesho yake mchana akaenda mwenyewe kumwona mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa wa machinjioni, upande wa Dagoretti. Hakuna mwingine aliyetaka ng'ombe waliokonda. Alituma vijana wawili wenye fimbo kuwachukua. Mume wangu alikuwa amemfunga mbwa nyuma ya nyumba ili asione, au ili yeye mwenyewe asimwone mbwa akiona. Zizi likafunguliwa. Ng'ombe hawakutoka. Vijana walivuta, walisukuma, walipiga. Mwekundu akatoka hatua mbili, akasimama mlangoni, akatazama mbele yake mahali ambapo hapakuwa na kitu, kisha akakunja magoti akalala. Walimpiga akiwa amelala. Walimkunja mkia. Mweusi ndani akaanza kulia, na watu wakakusanyika.

"Wacheni," mume wangu akasema.

"Mzee, tutachelewa. Hii ng'ombe ni kichwa ngumu."

"Nimesema wacheni."

Akaenda nyuma ya nyumba. Nilijua anachokwenda kufanya na nilitaka kumzuia, na nilitaka pia iishe. Akarudi na mbwa, akamfungua kamba, akapiga ule mluzi wa kuondoka.

Mbwa akapita katikati ya watu, akapita mbele ya mwekundu, mkia juu. Mwekundu akainuka. Mweusi akatoka. Vijana wakashusha fimbo zao na kuangaliana. Tukaondoka hivyo, mbwa mbele, ng'ombe wawili, sisi wawili nyuma, na wale vijana nyuma yetu wakiwa hawana kazi. Tulipita Ngong Road, mbwa alisimama magari yakapita, akavuka. Tulipita Kawangware penye soko na hakuna aliyegusa kabeji ya mtu. Tulipita Riruta. Mume wangu alikuwa anachechemea vibaya na hakutaka nimshike. Kila mara mbwa aligeuza kichwa kuhakikisha kwamba wanafuata, nao walikuwa wanafuata, kwa sababu hajawahi kuwapeleka pabaya.

Aliingia nao lango la machinjioni. Aliingia mpaka ndani kabisa ya ua, akasimama kwenye kivuli, akageuka kuwangoja, nao wakaenda wakasimama karibu naye. Mtu aliyevaa mabuti ya mpira akafunga kizuizi nyuma yao.

"Mzee!" yule wa mabuti akaita, na alisema kwa heshima, hakuwa na ubaya wowote. "Hiyo mbwa ni ya maana sana! Tuachie. Hapa kila siku tunapigana na ng'ombe kwa hiyo gate. Hii ingetusaidia mbaya."

Mume wangu alishika kizuizi kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyeingia, nikainamisha kichwa chini ya kizuizi, nikamkamata mbwa shingoni kwa leso yangu na kumvuta nje. Mweusi alitaka kutufuata. Sikugeuka kumtazama, na bado sijui kama hilo lilikuwa bora.

Tulipofika barabarani nilimwachilia. Alirudi mpaka langoni mara mbili, na mara zote mbili mume wangu alipiga mluzi wa kurudi nyumbani, mluzi uliokatika katikati. Mara ya tatu akatii. Akatutangulia. Alitembea kidogo, akageuza kichwa, akaona sisi wawili tu. Akasimama mpaka tumkaribie, akaendelea.

Upande wa Riruta kuna mahali maji ya mtaro yalikuwa yakimwagika na majani yaliota mazuri, marefu, ya kijani. Mbwa alipofika hapo aliacha barabara, akalala pembeni, kidevu kwenye miguu, kama alivyozoea kulala ng'ombe wakila. Mume wangu akaketi. Goti lilikuwa limemshinda. Nikaketi pia. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka pale, na nimezaa watoto na kuzika watu tangu hapo.

Sijui tulikaa kwa muda gani. Ninachokumbuka ni mkono wa mume wangu umeshika wangu kwa nguvu, nami nikatazama chini nione kwa nini. Leso ilikuwa imetandazwa mapajani mwangu, imejaa majani, yamepangwa vizuri, mizizi upande mmoja, na ngumi yangu ilikuwa imeshika mengine.

"Wacha, mama," akasema. "Hakuna wa kula."